Ugani huishia shambani, mboga huozea jikoni

Mwezi wa tatu Ugogo huwa kijani kitupu. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, huanza Desemba na kukatika Aprili, na katika miezi hiyo michache kila chenye mizizi huota kwa pupa: mlenda wa porini, kunde, maboga, mchicha uliojiotea wenyewe nyuma ya zizi. Mama mwenye kibustani nje kidogo ya Chamwino hana haja ya kwenda sokoni. Anainama, anachuma, kanga inajaa. Lakini havuni mboga ya jioni ile peke yake. Anavuna na ya Septemba.

Majani ya kunde huchumwa asubuhi umande ukishakauka, yale machanga, kabla hayajakomaa na kuwa na nyuzi. Huchambuliwa, huoshwa, kisha huchovywa katika sufuria ya maji yanayochemka yaliyotiwa chumvi kidogo. Dakika mbili, tatu, yanatolewa yakiwa yamelegea na rangi imekolea. Yanachujwa maji na kutandazwa kwenye ungo au jamvi, yasilaliane, yakigeuzwa kila yanaponyauka upande mmoja. Siku ya pili au ya tatu jani linaanza kusema: ukilifikicha linavunjika kwa mlio na kukuachia vumbi la kijani vidoleni. Hapo limekauka. Jani bichi ni maji kwa asilimia 85 hadi 90, kwa hiyo kilo 10 zilizochumwa hurudi kilo moja na ushee. Yanahifadhiwa yalivyo, au yanatwangwa kwenye kinu, yanaingia kwenye kibuyu au chungu chenye kifuniko, na kibuyu kinapanda uchagani juu ya meko ambako moshi hupita na wadudu hawapapendi. Mwezi wa tisa, ardhi ikiwa imebaki nyekundu na mbuzi wanatafuta kivuli, vijiko vichache vya unga ule, karanga zilizotwangwa na chumvi vinakuwa mboga ya ugali wa nyumba nzima. Katika Soko la Majengo, Dodoma mjini, mlenda mkavu huuzwa kwa watumishi wa serikali waliohamia na wakaonja wakaupenda.

Katika kazi yote hiyo hakuna waya wa umeme. Hakuna pia bwana shamba. Mama huyo alifundishwa na mama yake au na mkwe wake.

Hapo ndipo penye lawama. Wataalamu wa kilimo wa Afrika Mashariki wamefundishwa, nao wanafundisha, namna ya kuotesha: mbegu gani, nafasi gani kati ya mche na mche, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa ya vidukari. Somo huisha siku ya kuvuna. Mboga ikishakatwa shina haina afisa. Tanzania ina mkakati wa taifa wa kusimamia mazao baada ya kuvuna, wa mwaka 2019 hadi 2029, na muda wake unayoyoma. Lakini kati ya mkakati na jiko bado pana pengo pana. Kinachotakiwa ni mtu katika kata anayeweza kumwambia mwenye bustani, kwa uhakika uleule anaotajia kipimo cha mbolea, kwamba kitunguu hiki kiweke hapa, kiazi hiki kiweke kule, na nyanya hizi usizitie kwenye friji kabisa.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba theluthi moja hivi ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu hupotea au kutupwa, kiasi cha tani bilioni 1.3 kwa mwaka. Yaliyotia fora katika hasara ni matunda, mboga na mazao ya mizizi. Anayetaka kuliona jambo hilo kwa macho yake apite Ilula, mkoani Iringa, msimu wa nyanya ukikolea. Kando ya barabara kuu iendayo Zambia matenga na ndoo hupangwa mstari mrefu. Asubuhi nyanya ina bei. Jioni zile za chini zimeanza kutoa maji, magari yamepungua, na muuzaji hana budi kukubali anachopewa. Alilima vizuri. Alipalilia, akapulizia dawa, akamwagilia. Alichokosa ni siku kumi za kusubiri bei.

Jibu linalotolewa haraka ni umeme. Na umeme kweli umekuja: nguzo zimefika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na gharama ya kuunganishiwa kijijini imewekwa shilingi 27,000. Ni hatua kubwa, na anayeibeza hajawahi kusomea kibatari. Lakini friji ni laki kadhaa, linaweza kula hadi uniti moja kwa siku, na uniti inanunuliwa kwa fedha ileile inayosubiriwa na daftari, sabuni na mafuta ya kula. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023, uliodumu hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha Februari 2024, uliwaonyesha hata wakazi wa mijini kwamba friji lisilo na umeme ni kabati lililozibwa hewa, na mchicha ulioachwa humo huoza upesi kuliko ule uliobaki kwenye ungo sebuleni.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Sehemu kubwa ya kapu la mboga la Afrika Mashariki haitakiwi kwenye friji hata umeme ukiwapo. Nyanya, bilinganya, bamia, tango, boga na kiazi kitamu ni mimea iliyozoea joto, na nyuzi 4 au 5 za friji huiumiza. Nyanya ikikaa chini ya nyuzi 12 hivi hupoteza ladha, na ile iliyovunwa kijani hukataa kuiva. Bilinganya hupata mabaka ya kahawia, bamia hujaa vidoa vyeusi, na kiazi kitamu hubaki kigumu katikati hata kikichemshwa saa nzima. Mboga hizi zinataka ubaridi wa wastani, kivuli, na hewa yenye unyevu kidogo. Kwa maneno mengine, zinataka mtungi.

Mtungi hutoa jasho. Kila aliyekulia katika nyumba yenye mtungi wa maji anaujua ubaridi ule wa kikombe cha bati kilichozamishwa ndani yake saa nane mchana. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya, hutokeza nje, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto linalokaribia theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Uniti hiyo haiingizwi kwenye mita ya Luku, wala haikatiki saa mbili usiku.

Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika familia ya wafinyanzi, aliigeuza siri hii ya mtungi kuwa ghala. Miaka ya 1990 alitia chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga katikati, akaulowesha mchanga, akafunika kwa kitambaa kibichi. Bilinganya zilizokuwa zikidumu siku tatu zikafikisha siku 27. Nyanya na pilipili zikakaa wiki tatu na zaidi. Vyungu hivyo vilisambazwa kwa maelfu katika jimbo la Jigawa, na mwaka 2000 akatunukiwa Tuzo ya Rolex. Wahindi walikuwa wameshalifanya jambo hilo kwa matofali mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya New Delhi walipojenga sanduku la kuta mbili, mchanga uliolowa katikati na paa la nyasi, linalomeza kilo 100 hivi za mboga. Kenya nako wapo wakulima wanaojenga vibanda vya mkaa: mkaa hubanwa kati ya nyavu mbili za waya wa kuku, na maji hudondoka juu yake kutoka kwenye bomba lililotobolewa vitundu.

Ila hapa panahitaji ukweli, kwa sababu chungu hiki kimekuwa kikisifiwa kana kwamba kinafaa kila mahali. Hakifai kila mahali. Maji hugeuka mvuke pale tu hewa inapokuwa na nafasi ya kuyapokea. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35, kama ile ya mchana wa kiangazi nchi kavu ya kati, maji yanayogeuka mvuke yanaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani wakati wa masika, hayashuki chini ya nyuzi 27 hivi. Nyuzi tatu haziokoi nyanya. Watafiti wa MIT D-Lab na Kituo cha Mboga Duniani waliovichunguza vyungu na vyumba vya aina hii nchini Mali walieleza mwaka 2018 mambo yanayotakiwa: unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 40, joto lizidi nyuzi 25, maji ya kuongeza yapatikane kila siku, na chombo kikae kivulini penye upepo.

Masharti hayo yanaangukia vizuri Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, na Turkana karibu mwaka mzima. Hayaangukii Zanzibar, wala Bukoba, wala Pangani. Mradi unaobeba vyungu viwili viwili kwenda Pangani unapoteza fedha za watu, na kibaya zaidi, unawafundisha wanavijiji kwamba hifadhi bila umeme ni porojo, wakati kosa lilikuwa la aliyechagua mahali. Jambo la kusikitisha ni kwamba wafinyanzi wanaosifika sana nchini, akina mama wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wanaishi Matema na vijiji vya jirani, katika ukanda wenye mvua nyingi kuliko karibu pote Tanzania. Vyungu vyao husafiri kwa mitumbwi kwenda minadani kandokando ya ziwa. Vinavyohitajika ni barabara na mnunuzi, ili vyungu hivyo vifike Ugogo ambako hewa inavisubiri na ambako ndoo ya plastiki imeshaufukuza mtungi karibu kila nyumba.

Wapo watakaouliza: maji ya kulowesha mchanga yatoke wapi, Dodoma, ambako ndoo ya maji ina bei? Ni swali la haki. Mchanga haudai maji ya kunywa. Maji yaliyosuuza mboga au mchele, yasiyo na sabuni wala mafuta, yanatosha. Kama hata hayo hayapo, basi chungu kiachwe na mboga ikaushwe. Nyumba ya Kigogo ilichagua hivyo zamani, na ilichagua kwa akili.

Usukumani tatizo ni jingine na dawa yake ni nyingine. Kiazi kitamu kina ghala lake la asili, nalo ni tuta kilimoota. Mwenye nyumba huchimba cha leo na kukiacha cha kesho ardhini. Mpango huo hufanya kazi mpaka mvua inapokatika. Udongo ukikauka hupasuka, na katika nyufa ndimo anamoteremka fukusi, mdudu mdogo mwenye domo refu, akataga ndani ya kiazi. Kiazi chenye fukusi huwa kichungu, na mpishi anayekionja mara moja hakisahau. Kwa hiyo viazi havina ruhusa ya kukaa ardhini kiangazi kizima. Huchimbwa vyote, huachwa vinyauke siku kadhaa, humenywa na kukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa juu ya majabali ya nchi ile, ambayo jua likiyapiga huwa moto kama kikaango. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa, vitamu vya kutafuna na chai au maziwa ya mgando. Michembe hupikwa na karanga au maharage miezi ambayo shamba halina kitu.

Na adui wa kikavu yupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa wa Tabora ulivamiwa na mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyetafuna mahindi na makopa ya muhogo hadi ghala likabaki unga. Wataalamu walimwita dumuzi. Wakulima walimwita Scania, kwa jina la malori. Wadudu wa ghala hutoboa michembe vilevile, na mahali hapa ndipo elimu mpya inapaswa kukutana na ya zamani. Mifuko ya kuzuia hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje, ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kameruni. Inafanya kazi kwa njia rahisi: mdudu aliyefungiwa humo huimaliza hewa yake mwenyewe. Dumu la lita 20 lililosafishwa na kukauka kabisa, likajazwa hadi shingoni na kifuniko kikazibwa barabara, hufanya kazi hiyohiyo, na nyumba nyingi zinalo tayari.

Vitunguu vina habari fupi, lakini ni habari inayovunja mifuko ya watu kila mwaka. Mang'ola, pembeni mwa Ziwa Eyasi, na Ruaha Mbuyuni wanajua kwamba kitunguu hutunzwa tangu kikiwa shambani. Mbolea ya kukuzia ikitiwa karibu na kuvuna, shingo hunenepa, haikauki, na uozo huingilia hapo. Maji husitishwa majani yakianza kulala. Kitunguu king'olewacho hakipelekwi gulioni siku hiyohiyo kikiwa kibichi. Hukaa kivulini, penye upepo, hadi shingo isinyae na ganda la nje liite ukilisugua. Kisha hukaa kwenye kichanja chenye nafasi chini na kando. Kitunguu kilichotunzwa hivyo humaliza miezi. Kilichorundikwa ndani ya kiroba cha nailoni humaliza wiki.

Viazi mviringo vinataka giza. Vikiachwa mwangani hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Njombe, Kinangop na Kabale zina ubaridi wa bure wa milimani, na chumba chenye giza na sakafu ya fito kinatosha. Visioshwe kabla ya kuhifadhiwa, basi. Visikae pia chumba kimoja na ndizi zinazoiva, kwa kuwa ndizi hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huwahisha kuiva na kuzeeka kwa mboga na matunda ya jirani, nyanya na majani yakiwa ya kwanza kuumia.

Sasa pwani. Hewa ya pwani haikaushi vizuri wakati wa masika, haipoozi chungu, na joto haliteremki usiku. Mtu wa Dar es Salaam au Kilifi anayetafuta ghala la mchicha nje ya bustani anajisumbua. Ghala lake ni shina lenyewe. Sukuma wiki huvunwa jani kwa jani, kuanzia chini, na shina moja hulisha kwa miezi. Matembele hukatwa ncha yakachipua. Kisamvu kipo mwaka mzima kwa anayepanda muhogo uani. Mchicha upandwe kidogokidogo kila wiki mbili, tuta moja likiisha jingine limeanza, badala ya kupanda eneo zima siku moja na kuvuna lote siku moja. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamefanya hivyo ndani ya magunia ya udongo yaliyosimamishwa mlangoni, mboga zikichomoza ubavuni kote. Na kwa vinavyoiva kwa pamoja, kama maembe na ndimu, watu wa mwambao hawakusubiri kufundishwa: chumvi, pilipili, jua la kaskazi na chupa iliyofungwa vizuri vilishatengeneza achari kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimama Forodhani. Karoti, pilipili na maembe mabichi vyote hukubali njia hiyo.

Kusifu ya kale bila kuyapima ni kosa pia. Jua kali linaloanguka moja kwa moja juu ya jani huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtu kula mboga za majani. Watafiti Mulokozi na Svanberg, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2003 kuhusu mboga za Tanzania, walilinganisha mboga zilizoanikwa juani waziwazi na zile zilizokaushwa ndani ya kabati la jua, na kabati ndilo lililolinda karotini vizuri zaidi. Kabati hilo si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Ni fremu ya mbao, chandarua cha waya kama trei, nailoni juu, na tundu la hewa chini na juu ili unyevu utoke. Fundi seremala wa kijiji analimaliza kwa siku moja. Asiyeweza kulipata aanike kivulini penye upepo, au atandaze kitambaa cheusi juu ya ungo. Kuchovya kwenye maji ya moto, kama afanyavyo yule mama wa Chamwino, kunazuia jani lisiendelee kujila lenyewe wakati wa kukauka. Vitamini C nyingi itapotea, hilo halikwepeki, na pilipili mbichi, ndimu au ubuyu mezani vinaziba pengo hilo. Karanga zinazotiwa kwenye mlenda si za utamu peke yake. Karotini hufyonzwa mwilini ikiwa na mafuta.

Kosa la pili ni hatari zaidi. Kitu kilichokaushwa nusu ni kibaya kuliko kibichi, kwa kuwa kibichi kikioza hunuka na hutupwa, ila kikavu chenye ukungu hulika. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliwaletea ugonjwa watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Yalikuwa mahindi, si mboga, lakini ukungu haubagui chombo. Michembe yenye madoa meusi au ya kijani itupwe, na isipewe kuku wala ng'ombe. Achari inayopikwa na kufungwa kwenye chupa iwe na chumvi na ukali wa ndimu au siki ya kutosha. Maharage mabichi na mboga zisizo chachu zisifungwe kwenye chupa kwa kuchemshwa tu, kwani kuna bakteria asiyekufa kwa maji yanayochemka na sumu yake inaua. Haya ndiyo mambo ambayo mama na mkwe hawakuyajua yote, na ndiyo kazi halisi ya afisa ugani.

Basi kinachodaiwa si kikubwa. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kikiomba kukopa kwa ajili ya makabati ya kukaushia mboga kisionekane kimekuja na jambo dogo kuliko kile kinachoomba bodaboda. Shule za msingi zenye bustani na chakula cha mchana zinaweza kukausha majani ya Machi na kuyapika Septemba, na watoto wakajifunza kwa kula. Vyuo vya kilimo vinavyotoa wataalamu wa ugani viwe na somo la hifadhi ya nyumbani lenye mtihani wa vitendo, mwanafunzi apewe kilo 10 za majani ya kunde na arudishe kilo moja isiyo na ukungu. Na kila wilaya iandike ukurasa mmoja wake yenyewe: hewa yetu ni hii, mboga zetu ni hizi, hifadhi yake ni hii. Ukurasa wa Chamwino usifanane na wa Pangani.

Tarehe 8 Agosti viwanja vya Nzuguni, Dodoma, hujaa watu wa Nanenane. Kuna matrekta, kuna ng'ombe wa maziwa, kuna vipando vya nyanya na kabichi vilivyomwagiliwa kwa wiki nyingi ili vipendeze siku hiyo. Pawe na banda moja zaidi, lenye meko, chungu cha mchanga, dumu la michembe na mama watatu kutoka vijijini waliolipwa posho ya mkufunzi kama wakufunzi wengine. Agosti ni mwezi unaofaa kwa banda hilo. Mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, vibuyu vya Machi vinakuwa ndiyo kwanza vinafunguliwa.